Bunduki si zenu, timbo ni lenu: barua ya wazi kwa Bunge la Kaunti

Mheshimiwa Spika, waheshimiwa madiwani, na wewe Waziri wa Ardhi na Mipango wa kaunti yetu,

Baada ya salamu. Nawaandikia kuhusu mambo mawili yaliyo mezani kwenu, ambayo huku kijijini yamefungwa fundo moja, na nawaomba mlifungue kabla ya kupiga kura. La kwanza ni hoja ya diwani wetu, anayetaka sheria ndogo ya kaunti impige marufuku mtu kubeba bunduki sokoni, kwenye steji za matatu, matangani, harusini na kwenye mikutano ya siasa. La pili ni ombi la kampuni ya watu binafsi, inayotaka lile timbo la zamani, lililoachwa mawe yalipokwisha, ligeuzwe uwanja wa kulenga shabaha.

Baraza la juzi kwa chifu mmeshasimuliwa. Lilianza kwa dua na likaisha kwa viti kupinduliwa. Kufika adhuhuri watu walikuwa wameshagawanyika, hawa "watu wa bunduki" na wale "watu wa amani", na ukisimama kuuliza swali lolote unaulizwa kwanza uko upande gani. Mimi niliuliza maji ya kisima yatapimwa na nani. Nikaambiwa nimetumwa. Hadi leo sijajua nimetumwa na upande upi.

Ninalotaka kuwaambia ni hili: asubuhi yote tulibishana kuhusu kitu ambacho Katiba haikuwapa nyinyi, na kile ilichowapa hakuna aliyekitaja. Nina wasiwasi na nyinyi mtafanya vivyo hivyo, maana hoja ya bunduki ina sauti, inaingia redioni, na hoja ya ardhi ni ya mafaili.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Polisi na ulinzi ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Umiliki wa bunduki una sheria yake, Sura ya 114, ya tangu enzi za mkoloni, na anayetoa leseni, anayeikataa na anayeifuta ni Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki. Kaunti haimo. Lakini jedwali hilo hilo limewapa kaunti upangaji wa ardhi, na limewapa pia udhibiti wa kelele, uchafuzi wa hewa na kero nyingine za umma. Hamuwezi kumwambia mtu asiwe na bastola. Mnaweza kumwambia ni wapi asiipigie.

Simlaumu diwani wetu. Kilichomsukuma tunakijua. Waliokuwepo kwenye yale matanga wanakumbuka bwana mmoja alivyochomoa bastola kwa ugomvi wa mahali pa kuegesha gari, watoto wakalala kwenye vumbi, wapishi wakakimbia wakaacha sufuria za pilau motoni. Sasa hebu tujiulize, sheria ndogo ingesaidia nini siku ile? Anayetekeleza sheria ndogo za kaunti ni askari wa kaunti, yule yule anayewakimbiza mama mboga kwa rungu. Mnamtuma yeye akampekue mwenye bastola? Na kabla hamjafika huko mtakuwa mmeshaitwa mahakamani. Kiambu wanajua. Sheria yao ya Fedha ya 2013 ilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2014 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na hiyo ilikuwa habari ya ada na tozo, mambo ambayo kaunti ina mamlaka nayo. Hii ya bunduki itamaliza wiki ngapi?

Tena ingewagusa wachache. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Kenya wana bunduki kama 750,000 mikononi mwao, na zilizoandikishwa hazikufika hata elfu kumi. Mwishoni mwa mwaka huo huo Serikali iliwaita wenye leseni wote wakahakikiwe upya. Waliopiga foleni ni hao walioandikishwa. Wengine, inaonekana, hawakusikia tangazo.

Yapo mnayoweza kufanya bila kujifanya Bunge la Taifa. Kumbi, viwanja vya michezo na masoko ni mali ya kaunti, na mwenye nyumba ndiye anayeweka masharti ya kuingia. Anayekodi ukumbi wa kaunti kwa harusi au kwa siasa aandikiwe kwenye mkataba kwamba silaha haziingii isipokuwa za polisi walio kazini, na akivunja sharti hapewi tena. Hilo halihitaji hoja, linahitaji karani wa kuongeza mstari mmoja kwenye fomu. Na yule bwana wa matangani, pitisheni azimio liandikiwe Bodi na kamanda wa polisi wa kaunti, leseni yake iangaliwe upya. Sheria inataka mwenye leseni awe mtu anayeweza kukaa na silaha bila kuhatarisha usalama wa umma. Mtu anayechomoa bastola kwa sababu ya maegesho ameshajibu swali hilo mwenyewe, mbele ya mashahidi mia.

Basi tuliache hilo, twende timboni.

Wachache wenu mmefika. Ni shimo kubwa la mawe ya matumbawe. Upande wa mashariki lina ukuta uliokwenda juu kiasi cha ghorofa mbili, na magharibi liko wazi, kule malori yalikokuwa yakipandia. Masika yakinyesha, chini hutuama maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mbuzi huyanywa, na watoto huyaoga ingawa kila mwaka tunawakataza. Ukisimama ukingoni unaliona paa la shule ya msingi, mita mia nne hivi. Msikiti uko karibu zaidi. Kisima cha kijiji, ambacho mimi ni katibu wa kamati yake, kiko upande ardhi inakoteremkia.

Tangazo la mradi lilikuwa karatasi moja ya A4, kwa Kiingereza, imebandikwa kwa seloteipu kwenye mlango wa ofisi ya chifu, nusu yake imelowa mvua. Lilisema panajengwa kituo cha michezo na burudani. Habari ya bunduki haimo hata kwa bahati mbaya. Tulikuja kujua ni renji, yaani huo uwanja wa kulenga shabaha, kwa sababu kijana wetu mmoja alipewa kibarua cha kushika mita ya mpimaji, akasikia wenyewe wakijadili wapigaji watasimama wapi, akarudi nyumbani mbio.

Kanuni za mwaka 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira ziko wazi. Mwenye mradi abandike mabango mahali pa wazi karibu na eneo, atangaze kwenye gazeti la nchi nzima wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji, na aitishe mikutano isiyopungua mitatu na wale watakaoathirika. Sisi tumepata seloteipu. Najua kampuni itajibu kwamba mradi wake ni mdogo, hauhitaji tathmini kamili. Msiikubalie haraka. Sheria ya mazingira ya 1999 inazitaja waziwazi shughuli zisizofanana na mazingira zinamowekwa, na mabadiliko makubwa ya matumizi ya ardhi. Kama milio ya risasi kati ya shule na msikiti inafanana na mazingira yetu, basi sisi tunaoishi hapa hatuyajui.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Mimi si adui wa renji, na barazani aliyesema la maana kuliko sote alikuwa upande wa wanaoitaka. Ni mzee mmoja, askari jeshi mstaafu. Alisema mwenye leseni asiye na pa kufanyia mazoezi ataenda kufanyia msituni, au hatafanya kabisa, na siku atakayoingiwa na hofu atafyatua bila kujua risasi yake itaishia kwa nani. Alizomewa. Mimi naona ana haki. Watu hawa wenye leseni wapo, hawatatoweka kwa sababu tumepiga kelele kwa chifu, na afadhali wajifunzie penye tuta, penye mwalimu na penye daftari la majina kuliko porini. Swali ni kama timbo letu ni mahali hapo, na kwa masharti gani.

Vijana nao wanataka kazi, na wana haki ya kuzitaka. Tangu timbo lifungwe, waliokuwa wakikata matofali ya mawe wamekuwa bodaboda, na bodaboda sasa ni wengi kuliko abiria. Kampuni imeahidi ajira. Ngapi? Za nani? Hakuna karatasi. Na kazi za renji zinajulikana: mwalimu wa shabaha, mlinzi wa lango, karani wa daftari, na yule anayeokota maganda na kuchekecha tuta kutoa risasi zilizozama. Mwalimu atatoka Nairobi. Wa kuchekecha tuta atakuwa mtoto wetu, na ndiyo kazi yenye sumu kuliko zote. Nitafika hapo.

Upande wa pili kuna watu ambao mlio wa bunduki kwao si mchezo. Hapa kwetu kuna familia zilizoikimbia Likoni mwaka 1997, baada ya kituo cha polisi kuvamiwa usiku wa tarehe 13 Agosti, bunduki zikaibwa na watu wakaanza kuuawa. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazazi. Mama mmoja kati yao alipopewa nafasi hakusema renji isijengwe. Aliomba jambo moja tu, ajulishwe mapema ni siku gani na saa ngapi watapiga, ili asishtukie mlio akiwa peke yake nyumbani. Hakuna aliyeandika ombi lake, maana halikuwa la upande wowote. Nawaletea mimi. Ratiba ibandikwe kwa Kiswahili shuleni, msikitini, kanisani na kwenye kioski, na kila asubuhi ya mazoezi bendera nyekundu ipandishwe pale inapoonekana kutoka barabarani.

Mkiyamaliza ya watu, njooni kwenye yale yanayopimika. Hapa ndipo kazi yenu ilipo na hapa ndipo nitakapowachosha kidogo, mniwie radhi.

Kelele. Kanuni za mwaka 2009 zinasema kelele ya nje katika eneo la makazi isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na mahali pa ibada 40 mchana, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo unaanza saa mbili. Bunduki masikioni mwa mpigaji hutoa desibeli 140 na zaidi. Mlio unapungua kwa umbali, ni kweli, lakini shimo la mawe haliumezi, linaurudisha. Na hapa pana mtego. Vipimo vile vya 50 na 40 ni wastani wa saa kumi na nne. Mlio wa risasi unakwisha kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo milio michache ikitandazwa kwenye saa kumi na nne inapotea kabisa kwenye karatasi. Kwa mtoto aliye katikati ya mtihani haipotei. Mtaalamu wa kampuni akiwaletea jedwali lenye wastani mzuri, mwulizeni kilele cha kila mlio ni kiasi gani penye ukuta wa shule. Kanuni hizo hizo zimeweka kipimo cha pekee kwa baruti za machimboni, maana waliozitunga walijua kwamba mlipuko na disko havipimwi kwa kipimo kimoja. Afadhali zaidi, itengwe siku ya majaribio: afisa wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, asimame shuleni na kipimo chake, mwingine msikitini, risasi zipigwe kweli, sote tusome namba.

Mwelekeo. Mchoro tuliouona unaonyesha wapigaji wakitazama mashariki, kwenye ule ukuta mrefu, na kampuni inasema ukuta ndio kinga ya asili. Ni nusu ya kweli. Jiwe linazuia risasi isipite, halizuii isirudi. Risasi ikigonga jiwe gumu hupasuka au huteleza pembeni, na vipande vyake huenda vinakotaka. Renji iliyojengwa vizuri ina tuta la udongo uliochekechwa mawe mbele ya shabaha, ina kuta za pembeni, na juu ina vizuizi vya kumkinga jirani na yule mgeni aliyeinua mkono kidogo kabla ya wakati. Si vitu vya anasa. Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 ikienda juu kwa pembe husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na ya bunduki ndefu hupita kilomita tatu. Sasa juu ya ukuta ule wa mashariki, waheshimiwa, ndipo inapopita njia ya watoto wa shule. Mchoro hauionyeshi. Aliyeuchora labda alidhani ni njia ya mbuzi, na kwa hakika mbuzi nao huipitia.

La tatu ndilo lililonitoa nyumbani. Risasi moja ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo kwa kawaida ni madini ya risasi, yale yale ya betri za magari. Tufanye hesabu ya darasa la nne. Wapigaji 20, kila mmoja apige risasi 100, ni kilo 16 kwa siku moja. Ukipiga mara Jumamosi 50 za mwaka, ni kilo 800, nazo haziendi popote, zinabaki tutani. Mvua inanyesha juu yake. Moshi wa fataki za risasi nao una madini hayo. Unashika nguo na mikono, baba anarudi nyumbani anambeba mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, ubongo wake ukiwa bado unakua.

Mtaalamu wa kampuni atawaambia mawe yetu ni ya chokaa, na kwenye chokaa madini haya hayayeyuki haraka. Ni kweli, sitabisha. Lakini mawe ya matumbawe yamejaa nyufa, ndiyo maana maji ya kisima chetu huchafuka mvua ikishika siku mbili. Tope halihitaji kuyeyuka ili lisafiri.

Na habari hii sisi wa Pwani hatuhitaji kuisoma kwenye vitabu. Mtaa wa Owino Uhuru uko pale Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa mwaka 2007 ukutani kwa watu, kikafanya kazi hadi 2014, na madini ya risasi yakaingia kwenye damu ya wakazi, watoto wakiwa wa kwanza. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, ndiye aliyepiga kelele hadi dunia ikasikia. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na ikazitwisha sehemu ya lawama taasisi za Serikali zilizopaswa kukikagua kiwanda. Kesi ikaenda rufaa, amri ikatenguliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu kiwanda kifunguliwe hadi neno la mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku kilipofunguliwa alikuwa anakaribia kupata kitambulisho.

Sisemi renji ni sawa na kiwanda kile. Si sawa, wala si karibu. Nasema tu kwamba madini ni yale yale, na kwamba waliotia saini mwaka ule nao waliona ni mradi mdogo.

Barazani alisimama kijana mmoja aliyekuwa na simu mkononi, akasema Marekani renji ziko kila mahali na hakuna anayelalamika. Analalamika mtu kila siku. Chicago, mwaka 2010, ilipitisha sheria ya kumtaka kila mwenye bunduki apate saa moja ya mazoezi kwenye renji, na sheria hiyo hiyo ikakataza renji ndani ya jiji. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikaizuia. Jiji likarudi na masharti ya umbali na ya maeneo ya viwanda, na mwaka 2017 mahakama ikayatupa makubwa kati ya hayo, kwa sababu jiji halikuleta ushahidi wowote kwamba umbali ule ndio unaoleta usalama. Katiba yetu haina haki ya raia kumiliki bunduki kama ya kwao, kwa hiyo kesi ile haitufungi. Ila mnaweza kuokota jambo moja humo. Sharti lililotokana na vipimo linasimama mahakamani. Lililotokana na hofu, hata kama hofu yenyewe ni ya haki, linaanguka na kumwachia mwenye mradi njia nyeupe.

Na mkitaka mfano wa nyumbani wa uwanja usio na uzio wala daftari, waulizeni Wasamburu na Wamaasai wa Archers Post na Dol Dol, ambako jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi miaka mingi na mabomu yasiyolipuka yakabaki malishoni. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200 waliojeruhiwa au kupoteza jamaa. Ile ilikuwa ya mizinga, hii ni ya bastola. Lakini na kule pia waliambiwa ni eneo tupu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, ombi letu kwako ni hili. Usitoe kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi ya timbo kabla tathmini kamili haijafanywa na ripoti yake haijasomwa kwa Kiswahili mbele ya watu. Damu za watoto wa shule ile na maji ya kisima vipimwe sasa hivi, kabla ya risasi ya kwanza, ili miaka kumi ijayo asitokee wakili wa kutuambia madini yalikuwemo tangu zamani. Mchoro urekebishwe uonyeshe tuta la udongo, njia ya watoto na kisima. Pasipigwe saa za masomo, wala saa ya swala ya Ijumaa, wala asubuhi ya Jumapili, wala baada ya magharibi. Wanaochekecha tuta wapewe vinyago, nguo za kubadilisha kazini na vipimo vya damu kwa gharama ya mwajiri. Haya yakishindikana, timbo si mahali pake, na wakatafute eneo la viwanda ambako wanaweza kujenga renji ya ndani yenye mashine za kusafisha hewa.

Kisha kuna suala la pesa. Mwenye timbo wa kwanza alimaliza mawe, akapakia mitambo yake, akatuachia shimo ambalo hakuna aliyelifukia wala kulizungushia hata waya. Wa pili atalipa kabla. Sheria ya mazingira inayatambua malipo ya dhamana ya kuhakikisha kazi inafanywa bila kuharibu, na sisi tunataka kiasi chake kiandikwe ndani ya kibali chenyewe: kampuni ikifunga kesho, udongo wa lile tuta unachimbuliwa na kupelekwa wapi, na kwa pesa za nani. Msimwachie hesabu hiyo diwani wa mwaka 2040.

Faili la ombi hili naliomba rasmi kwa barua hii, kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo imewapa siku 21 za kujibu. Mkitoa kibali bila haya, tuna siku 14 za kwenda kwenye Kamati ya Maafikiano ya mipango ya ardhi ya kaunti, na leseni ya NEMA ikitoka tuna siku 60 za kwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira. Msiyachukue kama vitisho. Ni tarehe tu, tumeziandika kwenye kalenda ya kamati.

Kamati yenu ya Ardhi ikitaka kuja kujionea, karibuni sana, lakini msije Jumapili. Njooni siku ya shule, kabla ya saa moja na nusu asubuhi, msimame juu ya ule ukuta wa mashariki muhesabu wenyewe wanaopita.

Wenu,
Katibu, Kamati ya Kisima

Nakala: Karani wa Bunge la Kaunti, Mkurugenzi wa NEMA katika kaunti, Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, mwalimu mkuu, imamu na mchungaji, chifu (tafadhali usiibandike kwa seloteipu, mvua bado zipo).